Maswali ya Wasomaji: Nasaba ya akina Boone na mwezi wa saba uliokuwa Septemba

Safu hii huandaliwa hapa Tanga, na kwa kawaida hujibu maswali ya mambo mbalimbali katika toleo moja. Safari hii tumeiacha desturi hiyo. Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi habari za ukoo wa akina Boone, Wakweka wa Uingereza waliohamia Pennsylvania wakati Marekani ilipokuwa bado koloni, na ambao ndio uliomzaa Daniel Boone, mwindaji mashuhuri aliyewaongoza walowezi hadi Kentucky. Wakweka ni wafuasi wa Jumuiya ya Marafiki, iliyotokana na mahubiri ya George Fox katikati ya karne ya 17. Tuliutaja ukoo huo kwa sababu haukuwa wa wafalme wala wa mabwanyenye. Walikuwa wafumaji na wahunzi, na bado mtu akitaka kujua leo ni nani alizaliwa lini, na nani alimwoa nani, atajibiwa karibu kila swali. Barua zimekuja nyingi kuliko tulivyotazamia, na ya kwanza kati yake imetusahihisha.

Ndugu Mhariri, mliandika kwamba Squire Boone na Sarah Morgan walioana tarehe 23 Julai 1720. Mjukuu wangu amenitafutia kwenye intaneti maelezo yaliyonakiliwa kutoka katika kumbukumbu zenyewe, nami nikaona pameandikwa "siku ya 23 ya mwezi wa 7". Neno Julai halimo. Tena mtoto wao Daniel ameandikwa kuwa alizaliwa mwezi wa 8, ilhali vitabu vinasema Oktoba. Ikiwa mwezi wa 8 ni Oktoba, mwezi wa 7 utakuwaje Julai? Nauliza kwa sababu nami ninaandika nasaba ya ukoo wetu, na sipendi wajukuu waje kunilaumu nikiwa kaburini.
*Mwalimu mstaafu, Chumbageni, Tanga*

Mwalimu, umesema kweli na kosa ni letu. Tarehe sahihi ni 23 Septemba 1720 kwa kalenda ya wakati ule. Waandishi wengi wamekosea hapo hapo tulipokosea sisi, lakini hilo halitupunguzii wajibu wa kutazama.

Hadi mwaka 1752, Uingereza na makoloni yake zilianza mwaka tarehe 25 Machi. Machi ndio uliohesabiwa kuwa mwezi wa 1, Aprili wa 2, na kwa mwendo huo huo Septemba ukawa wa 7 na Oktoba wa 8. Majina yenyewe yanashuhudia, kwa kuwa Septemba limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya saba, Oktoba nane, na Desemba kumi. Wakweka hawakupenda kuyatumia majina ya miezi wala ya siku, kwa sababu waliona kwamba baadhi yake yanaitukuza miungu ya Warumi na ya mababu zao wapagani, na mtu aliyeikataa miungu hiyo hawezi kuitaja kila anapoandika tarehe. Kwa hiyo waliandika kwa nambari tu: siku ya kwanza, yaani Jumapili, au mwezi wa 7.

Sisi watu wa pwani hatuna sababu ya kulishangaa jambo hili. Siku zetu nazo ni za kuhesabu, ila sisi huanza na Jumamosi, na miezi yetu tunaihesabu tangu tunapofungua Ramadhani. Mtu wa Pangani akikwambia kwamba mtoto wake alizaliwa Mfungo Saba, nawe ukahesabu saba kuanzia Muharamu, utaangukia Rajabu, na utakuwa umemkosea kwa miezi mitatu, maana Muharamu kwetu ni Mfungo Nne. Mtoto ni yule yule na mwezi ni ule ule, lakini nambari haina maana mpaka ujue aliyeiandika alianzia wapi. Kosa letu la Julai ni la aina hiyo hiyo: tulianza kuhesabu pasipo kuuliza.

Kuna mitego mingine miwili, Mwalimu, nayo itakufaa uijue. Wa kwanza ni wa mwaka. Kwa kuwa mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi, mtu aliyefariki Januari, Februari au mwanzoni mwa Machi huandikwa katika mwaka ambao sisi leo tungeuita uliopita. Mary Maugridge, bibi mzaa baba wa Daniel, alifariki Februari, na mwaka wake huandikwa 1740/41. Mkwaju ule, yaani mstari wa mshazari katikati ya tarakimu, si wa mtu asiyekuwa na hakika. Unasema kwamba kwa hesabu yao ulikuwa 1740 na kwa hesabu yetu ni 1741. Ukiuondoa, unaweza ukajikuta umemzika mtu kabla hajaandika wasia wake.

Mtego wa pili ni wa siku zenyewe. Mwaka 1752 kalenda ilipobadilishwa, siku iliyofuata tarehe 2 Septemba iliitwa tarehe 14, na siku 11 zikarukwa. Ndiyo sababu Daniel Boone ana tarehe mbili za kuzaliwa, 22 Oktoba 1734 na 2 Novemba 1734, na zote mbili ni sahihi. Yeye mwenyewe alishikilia ile ya Oktoba. Vivyo hivyo babu yake George aliondoka Bradninch, katika Devon, pamoja na mkewe na watoto waliobaki, tarehe 17 Agosti 1717, akafika Philadelphia tarehe 29 Septemba kwa kalenda ya zamani, ambayo kwa kalenda ya sasa ni 10 Oktoba. Mtu anayechanganya kalenda hizi mbili katika safari moja huwaongezea wasafiri siku 11 baharini ambazo hawakuzikaa.

Kwa nasaba yako, basi, nakili tarehe kama ulivyoikuta, kwa maneno na nambari zile zile, kisha uandike tafsiri yako pembeni kwa wino wa rangi nyingine. Kama babu ameandika Mfungo Sita, acha Mfungo Sita. Usiifute tarehe yake ili uweke yako.

Na kwa kuwa wasomaji wengine wameomba mtiririko wenyewe, ni huu. George Boone, anayehesabiwa kuwa wa tatu kwa jina hilo, alizaliwa mwaka 1666 katika kijiji cha Stoke karibu na mji wa Exeter, mtoto wa mhunzi, naye akawa mfumaji. Alimwoa Mary Maugridge wa Bradninch. Karibu mwaka 1713 waliwatanguliza watoto wao watatu wakubwa, George, Sarah na Squire, wakaitazame nchi, na miaka minne baadaye wakafuata wao. Walikaa kidogo Abington, wakahamia Gwynedd ambako walikuwapo Wakweka wengi wa Wales, kisha wakasogea bara hadi Oley, mahali ambapo baadaye palipewa jina la Exeter kwa kuukumbuka mji wa kwao. Squire, ambaye hilo ni jina lake na wala si cheo, alikuwa mfumaji na mhunzi. Yeye na Sarah Morgan walizaa watoto 11, na Daniel ndiye wa sita. George alipofariki mwaka 1744, akiwa na miaka 78, aliacha watoto 8, wajukuu 52 na vitukuu 10. Mjukuu wake James, aliyeiandika nasaba hiyo mwaka 1788, alijumlisha akapata 70, akaongeza kwamba idadi hiyo ni sawa na ya watu wa nyumba ya Yakobo walioingia Misri. Huo ndio mstari ninaoupenda kuliko yote katika karatasi za ukoo huu, kwa sababu unamwonyesha mtu aliyekaa na kalamu, akawahesabu ndugu zake mmoja mmoja, akafurahi.

Mhariri, salaam. Mimi ni mama wa Bagamoyo, na nina karatasi ya nasaba aliyoiandika marehemu babu yangu kwa hati za Kiarabu. Dada yake mmoja hayumo. Tuliambiwa kwamba aliolewa na mtu ambaye wazee hawakumtaka, na tangu hapo jina lake halikutajwa. Mliandika kwamba Squire Boone alitengwa na Wakweka kwa sababu ya ndoa ya mwanawe. Nauliza, kwa nini basi jina lake halikufutwa? Na kwa nini baba yake, ambaye mmesema alikosa jambo la namna hiyo hiyo, aliachwa?
*Bibi wa wajukuu wanne, Bagamoyo*

Bibi, shikamoo. Swali lako ndilo lililotufanya tutoe toleo zima kwa ukoo huu.

Wakweka walikuwa na vikao vya kila mwezi vya kuendesha mambo yao. Aliyetaka kuoa alipaswa kusimama na mchumba wake mbele ya kikao na kutangaza nia yao, kisha warudi katika kikao cha mwezi uliofuata waseme tena. Katikati ya vikao hivyo wazee waliteuliwa wachunguze kama bwana yuko huru na hana ahadi kwingine, na wanawake wakateuliwa wamchunguze bibi. Ndoa yenyewe haikuwa na kasisi. Wawili walisimama wakaahidiana, na waliohudhuria wakatia sahihi zao kwenye cheti kuwa mashahidi. Kuolewa na mtu asiye Mkweka, au kuoana kwa kasisi, kulihesabiwa kuwa kosa, na mzazi aliyekubali naye alikuwa na lake la kujibu.

Mwaka 1720 George mzee aliitwa mbele ya kikao cha Gwynedd kwa sababu alikuwa amemruhusu John Webb kumchumbia binti yake Mary kinyume cha utaratibu. Alikiri waziwazi kwamba alifanya haraka kutoa ruhusa. Kikao kikaandika kukiri kwake, na jambo likaisha.

Miaka 22 baadaye ilikuwa zamu ya Squire. Binti yake mkubwa, Sarah, aliolewa mwaka 1742 na John Wilcoxson, ambaye hakuwa Mkweka. Squire aliwaambia wenzake kwamba alikuwa katika dhiki kubwa na hakujua la kufanya, kwa kuwa alitambua ya kuwa vijana wale walikuwa wamekaribiana mno kabla ya ndoa. Bibi, wewe ni mzazi. Unajua mtu anasema nini anaposema maneno hayo, na unaweza kumwona baba yule amesimama katikati ya majirani zake, bintiye anasubiri nyumbani, naye anatafuta njia ya kusema ukweli bila kumvua mtoto wake nguo hadharani. Walimpokea.

Kisha Israel, mwanawe wa kiume wa kwanza, naye akaoa nje ya jumuiya. Wazee walimwendea Squire, wakarudi wakatoa taarifa, wakatumwa tena. Safari hii alijibu kwamba haoni kosa alilolifanya, na kwa hiyo hawezi kulilaani mpaka aone kuwa ni kosa. Mwaka 1748 akatengwa. Jibu la swali lako la pili, basi, ni hilo: George alikiri na Squire hakukiri. Mimi binafsi siwezi kumlaumu Squire. Alikwisha kukiri mara moja, na aliyetakiwa kumkana mara ya pili alikuwa mwanawe.

Kuhusu swali la kwanza, jina la Squire halikufutwa kwa sababu utaratibu wao haukuwa na njia ya kumtenga mtu pasipo kumwandika. Mtu akishitakiwa, kikao kiliandika shitaka, kikaandika waliotumwa kwake, kikaandika majibu waliyorudi nayo, na mwisho kikaandika hati ya kumtenga na kuisoma hadharani. Watu hawa walikataa makasisi, na kwa hiyo hawakuwamo katika vitabu vya kanisa la Uingereza vya ubatizo na ndoa. Nani angeshuhudia kwamba mtoto wao ni wa halali na anastahili kurithi shamba? Ushahidi ulikuwa vitabu vyao wenyewe. Ndiyo maana walivitunza kama mtu anavyotunza hati ya nyumba. Hata anayehama alipewa cheti cha kumtambulisha kwenye kikao cha mahali anapokwenda, na George alipofika Pennsylvania alikionyesha kikao cha Gwynedd, mwishoni mwa mwaka 1717, cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa Wakweka wa Cullompton. Cheti hicho ndicho daraja la nasaba yote. Kwa hicho tunajua kwa hakika kwamba George wa Gwynedd ndiye yule yule wa Devon, na wala si mtu mwingine mwenye jina lake.

Tazama pia wanawake. Wanawake wa Kikweka walikuwa na vikao vyao na madaftari yao, na katika vyeti vya ndoa jina la bibi huandikwa pamoja na la wazazi wake. Kwa hiyo tunajua kwamba Sarah alikuwa binti wa Edward Morgan, Mkweka wa asili ya Wales, na tunaweza kuifuata nasaba ya mama kama ya baba. Nasaba zetu nyingi za pwani huandikwa fulani bin fulani bin fulani hadi mtu wa kumi, na katika hao kumi mama hata mmoja hatajwi. Si dada wa babu yako peke yake aliyeachwa, Bibi. Mama yao pia pengine hayumo.

Mambo yalivyokwenda baada ya hapo yanatoa ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 1750 Squire aliuacha ujirani ule, akaenda na jamaa zake kusini hadi bonde la Yadkin, North Carolina, na kumbukumbu za vikao zikaachana naye. Daniel alipomwoa Rebecca Bryan tarehe 14 Agosti 1756, aliyefungisha ndoa alikuwa Squire mwenyewe, kwa kuwa huko alikuwa hakimu wa mtaa. Vijana wa ukoo huo waliozaliwa nje ya uangalizi wa vikao ni wagumu zaidi kuwafuatilia, na wapo wanaogombaniwa na koo mbili tatu. Kwa babu, kila kitu kina karatasi. Kwa wajukuu, inabidi kukusanya wasia, hati za ardhi na Biblia za nyumbani.

Mwandike dada wa babu yako. Andika jina lake, la mumewe na la watoto kama yupo anayewakumbuka, na uandike ni nani aliyekusimulia na siku aliyokusimulia. Karatasi ya babu iache ilivyo, na yako uiambatanishe. Hata huko alikokwenda ana wajukuu, na huenda nao wanakutafuta wewe.

Shikamoo Mhariri. Katika orodha za nasaba za Wakweka nimekutana na vifupisho ambavyo mwalimu wetu naye hakuvijua: rocf, gct, mou, dis. Ni vya lugha gani?
*Mwanafunzi wa chuo, Ngamiani, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Ni vifupisho vya Kiingereza, na vimeenea kutokana na kazi ya William Wade Hinshaw, ambaye ensaiklopidia yake ya nasaba za Wakweka wa Marekani ilianza kuchapishwa mwaka 1936. Rocf maana yake mtu amepokelewa kwa cheti kutoka kikao fulani. Gct, amepewa cheti cha kwenda kikao fulani. Mou, ameoa au ameolewa nje ya umoja wa jumuiya. Dis, ametengwa. Ukiona gct kwenye kikao kimoja, nenda ukatafute rocf ya mtu huyo kwenye kingine, na ukiikosa, huenda alifia njiani, au alibadili nia, au daftari limepotea. Angalia usidhani kwamba aliyeandikiwa dis alikuwa mtu mwovu, au alifukuzwa hata kwenye ibada. Aliruhusiwa kuja kuabudu. Alichonyimwa ni nafasi katika vikao vya shughuli, na wengi walirudi baada ya kukiri. Tena hizo ni orodha za ufupisho. Maneno ya Squire kuhusu dhiki yake usingeyakuta humo, yamo katika kumbukumbu za vikao.

Nimesikia kwamba Rais Abraham Lincoln alikuwa mjukuu wa akina Boone. Ni kweli?
*Kijana wa Makorora, Tanga*

Si kweli, ila kosa lina chanzo. Anne Boone, binti wa James nduguye Squire (si yule James aliyeandika nasaba) na binamu wa Daniel, aliolewa mwaka 1760 na Abraham Lincoln mwingine, aliyekuwa ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali, na John Lincoln, na huyo John ndiye baba wa babu wa Rais. Kwa hiyo koo hizi zilikuwa jirani na zikawa wakwe, lakini Rais hakutoka tumboni mwa Boone yeyote. Anne naye, kwa kuolewa na asiye Mkweka, ilimbidi akiri mbele ya kikao cha Exeter.

Mhariri, watu hawa mnawasifu. Je, hawakuwa na watumwa? Na wale Wakweka waliokuja Pemba ni wa ukoo huo?
*Mfanyabiashara, Pangani*

Umeuliza linalostahili kuulizwa na mtu wa Pangani. Wakweka wengi wa Pennsylvania katika miaka ya mwanzo walimiliki watumwa, na hilo halifichiki. Walikuwapo walioliona mapema. Mwaka 1688, huko Germantown, watu wanne, Francis Daniel Pastorius, Garret Hendericks na ndugu wawili Derick na Abraham op den Graeff, waliandika tamko la kupinga kununua na kuuza binadamu. Tamko lilipandishwa kutoka kikao hadi kikao cha juu zaidi, likawekwa kando. Ilichukua hadi 1758 kwa mkutano wa mwaka wa Philadelphia kuwazuia wanaonunua na kuuza watumwa wasishiriki katika shughuli zake, na hadi 1776 kuamua kwamba asiyewaachia huru atengwe. Ni miaka 88 tangu tamko la kwanza, na ndani ya miaka hiyo watu walizaliwa na kufa utumwani katika nyumba za waumini. Daniel Boone mwenyewe, aliyekuwa nje ya Wakweka tangu ujana, alimiliki watumwa alipokuwa Kentucky.

Kwa upande wa nasaba, amri ya 1776 iliacha kitu chenye thamani: hati za kuachia huru. Zina jina la aliyeachiwa, umri wake mara nyingi, na jina la aliyemwachia. Kwa Wamarekani wengi wa asili ya Kiafrika, hati kama hiyo ndiyo karatasi ya kwanza kumtaja mzee wao kwa jina, ijapokuwa ni jina moja tu lisilo la baba. Wasomaji wetu wa Bagamoyo wenye wazee waliolelewa katika kijiji cha waliokombolewa, kwenye misheni ya Wakatoliki iliyoanza mwaka 1868, wanalijua vizuri jina la namna hiyo, jina la ubatizo linaloanza pasipo kitu nyuma yake.

Wakweka wa Pemba si wa ukoo wa Boone. Walitumwa na Marafiki wa Uingereza mwaka 1897, mwaka ambao Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa uhalali wa utumwa Unguja na Pemba, na walinunua shamba la karafuu huko Banani ili walioachiwa wapate mahali pa kufanya kazi kwa ujira. Wale wa Kaimosi, magharibi mwa Kenya, walikuja mwaka 1902 kutoka Marekani. Wote ni Marafiki kwa imani, na undugu wa imani hauingii katika mti wa ukoo.

Kaburi la George Boone liko wapi, na limeandikwa nini?
*Msomaji wa Mabawa, Tanga*

George na Mary wamezikwa katika makaburi ya Wakweka wa Exeter, Pennsylvania, na makaburi yao hayana alama. Wakweka waliona kwamba jiwe humtukuza mmoja juu ya mwingine, na mwaka ule ule wa 1717 George alipovuka bahari, mkutano wao mkuu wa London ulishauri hata mawe yaliyokuwapo yaondolewe. Mawe madogo, yaliyo sawa kwa wote, waliyaruhusu mwaka 1850.

Mwenye jiwe ni Squire, yule aliyetengwa. Alifariki tarehe 2 Januari 1765, akazikwa Joppa, karibu na Mocksville, North Carolina, na jiwe lake limehifadhiwa hadi leo. Linasema kwamba aliiaga dunia akiwa katika mwaka wa 69 wa umri wake. Hesabu yake ni sahihi, kwa kuwa alizaliwa 25 Novemba 1696. Fundi aliyelichonga aliliandika neno Januari kama alivyolisikia likitamkwa, kwa tahajia ambayo hakuna kamusi inayoikubali, na aliliandika kwa jina, si kwa nambari.